Nsansa

Nsansa ni mboga ya majani iliyokaushwa ili iliwe wakati wa kiangazi, mashamba na bustani zinapokuwa hazina majani mabichi. Neno hilo ni la Kisukuma. Mara nyingi linamaanisha majani ya kunde (Vigna unguiculata), ingawa katika mazungumzo ya kila siku watu wengi hulitumia pia kwa majani mengine yaliyokaushwa kwa namna hiyohiyo. Nsansa inajulikana kote Usukumani, na hata kwa majirani wa Unyamwezi. Makala hii inaeleza hasa inavyotengenezwa na kuliwa katika Mkoa wa Simiyu, ambao makao makuu yake ni mji wa Bariadi.

Kila jiko lina swali la majani yaliyozidi yafanywe nini. Mahali penye jokofu swali hilo ni la siku mbili au tatu. Simiyu ni la miezi, kwa sababu majani huja yote kwa pamoja na kisha huondoka yote kwa pamoja.

Mazingira na majira

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Mkoa wa Shinyanga na ule wa Mwanza. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wakazi wake, zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2022, wengi wao ni Wasukuma wanaolima pamba, mahindi, mtama, viazi vitamu, karanga na jamii ya kunde, na kufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili au Mei, na katikati, yaani Januari na Februari, mara nyingi hukatika kwa wiki kadhaa. Juni hadi Septemba ni kiangazi kamili. Wiki chache baada ya mvua za kwanza, majani ya kula huwa mengi kuliko watu wa kuyala: kunde, maboga, matembele, mchicha, na yale yanayojiotea yenyewe kama mgagani (Cleome gynandra) na mlenda. Mgagani hupenda udongo wenye mbolea, kwa hiyo hustawi sana kwenye maboma ya zamani ya ng'ombe bila kupandwa na mtu. Ifikapo Agosti, majani hayo yote hayapo tena isipokuwa kwa mwenye bustani ya bondeni au kisima cha kumwagilia. Anayetaka mboga mbichi hununua kabichi iliyosafirishwa kutoka mbali, na bei yake hupanda kadiri jua linavyozidi.

Ugumu wa nsansa uko hapo. Majani yanakuwa mengi wakati wa mvua, na wakati wa mvua ndio wakati mbaya kuliko wote wa kukausha kitu. Mama anayeanika asubuhi huenda akalazimika kuanua mara tatu kabla ya jioni, na majani yaliyonyeshewa yakiwa nusu makavu hugeuka meusi na kunuka. Ndiyo maana kazi hii hufanywa zaidi katika vipindi viwili: lile jua la Januari na Februari, na mwisho wa masika, kunde zinapokuwa bado na majani lakini mvua imeanza kupungua. Aliyekosa vipindi hivyo viwili huwa amekosa mboga ya mwaka.

Wazo la kuweka akiba ya majani si la jikoni peke yake. Wasukuma wana pia desturi ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zake zisimame na kuliwa na mifugo wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ulitegemea desturi hiyo kurudisha miti na nyasi katika ardhi iliyochakaa. Ngitili imeandikwa sana. Nsansa, ambayo ni akiba ya majani kwa ajili ya watu, imeandikwa kidogo, pengine kwa sababu ni kazi ya wanawake na hufanyika uani.

Majani yanayofaa

Kunde huchukua nafasi ya kwanza kwa sababu kadhaa. Huvumilia ukame, hupandwa katikati ya mahindi au mtama, na mizizi yake ina vijidudu vinavyoongeza naitrojeni kwenye udongo. Majani machanga huweza kuanza kuchumwa wiki tatu au nne baada ya kupanda. Mkulima anayetaka pia mbegu huchuma kwa kiasi na kupunguza mkono kunde zinapoanza kutoa maua, kwani mmea uliovuliwa majani yote hauna nguvu ya kujaza maganda. Jani linalofaa ni lile ambalo halijakomaa sana: likishakuwa gumu na lenye madoa, halilainiki hata likipikwa saa nzima.

Mgagani hukaushwa pia. Uchungu wake hupungua ukichemshwa na maji yale kumwagwa, na ukipikwa kwa maziwa. Majani ya maboga huvuliwa kwanza nyuzi za kwenye kikonyo. Matembele hukauka vizuri lakini hupoteza rangi upesi. Majani ya muhogo, yaani kisamvu, yana viambata vinavyotoa sumu ya sianidi, kwa hiyo hutwangwa na kuchemshwa vizuri bila kufunikwa. Kuyaanika tu mazima na kuyahifadhi si njia salama ya kuyatayarisha.

Majani ya saladi, yale mapana mepesi yanayoliwa mabichi, hayafai kwa nsansa. Karibu asilimia 95 ya uzito wake ni maji, na yakikauka hubaki kama karatasi isiyo na ladha. Kabichi hukubali kukaushwa ikikatwa nyembamba sana, ila hakuna sababu kubwa ya kufanya hivyo, kwa kuwa kabichi nzima hukaa siku nyingi mahali penye ubaridi na kivuli.

Utengenezaji

Majani huchumwa asubuhi, umande ukishakauka, na kushughulikiwa siku hiyohiyo. Huchambuliwa ili kutoa vikonyo vigumu, wadudu na majani ya manjano, kisha huoshwa kwa maji safi mara mbili au tatu. Mchanga usiotoka hapa hautatoka tena, na mlaji atauhisi kwenye meno mwezi wa Septemba.

Baada ya kuosha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuanika majani mabichi moja kwa moja. Ya pili, inayotoa mboga nzuri zaidi, ni kuyachovya kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, kuyatoa, kuyachuja maji na ndipo kuyaanika. Baadhi ya watu hutia chumvi kidogo kwenye maji hayo. Kuchovya huku kuna maana ya kisayansi. Jani lililochumwa bado lina vimeng'enya vinavyoendelea kufanya kazi, vikiharibu rangi, harufu na vitamini hata baada ya jani kunyauka. Maji ya moto huvizima. Pia hupunguza vijidudu na kulilainisha jani, ndiyo maana nsansa iliyochovywa hupikika kwa muda mfupi kuliko ile iliyoanikwa mbichi. Hasara yake ni kwamba sehemu ya vitamini zinazoyeyuka kwenye maji hubaki sufuriani. Anayechemsha nusu saa badala ya dakika tatu hupoteza nyingi bila faida yoyote.

Kuanika hufanywa juu ya mkeka, ungo, turubai safi au mwamba ulio karibu na nyumba. Mwamba hupata moto na kukausha haraka, lakini uko wazi kwa vumbi, kuku na mbuzi. Kichanja kilichoinuliwa mita moja kutoka ardhini ni bora, kwani hewa hupita juu na chini. Majani hutandazwa membamba na kugeuzwa mara kwa mara. Kwenye jua kali hukauka kwa siku moja au mbili. Kivulini penye upepo huchukua siku tatu hadi nne. Jioni huingizwa ndani ili yasinywe umande.

Jani limekauka vya kutosha likivunjika na kutoa mlio linapofinywa. Likikunjika kama kitambaa, bado lina maji. Makosa mengi ya nsansa hufanyika hapa: mtu huona majani yamekuwa mepesi, huyafungasha kwenye kiroba, na baada ya wiki tatu hukuta ukungu mweupe katikati. Kwa hiyo ni desturi nzuri kufungua chombo siku ya tatu au ya nne, kuingiza mkono hadi chini, na kuanika upya ukihisi unyevu au joto.

Zamani nsansa iliwekwa kwenye vyungu na vikapu vilivyofunikwa. Siku hizi ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana hufanya kazi hiyo vizuri, mradi iwe kavu na ikae mahali pasipo na mwanga. Ikitunzwa hivyo nsansa hukaa hadi msimu unaofuata, ingawa ladha na vitamini hupungua mwezi kwa mwezi.

Hesabu ya maji

Hesabu ifuatayo ni fupi, inafaa darasani, na huondoa makosa mawili yanayorudiwa sana.

Majani mabichi ya kunde yana maji kiasi cha asilimia 85 hadi 90. Tuchukue 88. Kilo 10 za majani zina kilo 8.8 za maji na kilo 1.2 za vitu vikavu. Nsansa iliyokauka vizuri ina maji kama asilimia 10 tu, maana yake ile kilo 1.2 sasa ni asilimia 90 ya uzito wote. Ukigawanya 1.2 kwa 0.9 unapata 1.33. Kwa hiyo kilo 10 za majani mabichi hutoa kama kilo 1 na theluthi hivi, pungufu kidogo kwa sababu ya vikonyo vilivyotupwa na vilivyoyeyuka kwenye maji ya kuchovya. Kwa maneno mengine, uzito hupungua mara saba na nusu.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba fungu moja la akiba linatosha. Familia ya watu sita inayotumia gramu 100 za nsansa kwa mlo mmoja, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 16 za kiangazi, itahitaji milo 48, yaani kilo 4.8 za nsansa. Hizo ni kilo 36 za majani mabichi. Ni kiasi kinachowezekana, lakini si kwa kuchuma siku moja. Ni kilo 3 kila mara, mara 12, kuanzia Januari.

Kosa la pili ni la wasomaji wa majedwali ya lishe. Jedwali likionyesha kwamba gramu 100 za majani makavu zina chuma au protini mara kadhaa zaidi ya gramu 100 za majani mabichi, wengine husema kukausha kumeongeza lishe. Hakuna kilichoongezeka. Maji yametoka, basi. Gramu 100 za nsansa ni chakula cha nyumba nzima, ilhali gramu 100 za majani mabichi ni za mtu mmoja au wawili.

Yanayobaki na yanayopotea

Madini kama chuma na kalsiamu hayaharibiwi na jua. Hubaki karibu yote, isipokuwa yale machache yanayotoka na maji ya kuchemshia. Protini na nyuzinyuzi hubaki pia. Vitamini C ndiyo inayoumia zaidi, kwani huharibiwa na joto, hewa na mwanga, na katika nsansa ya kawaida hubaki kidogo sana. Karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, iko katikati: sehemu huharibika, na kiasi gani kinaharibika hutegemea sana mwanga. Majani yaliyoanikwa kivulini, au yaliyofunikwa kwa kitambaa cheusi juani, hubaki ya kijani na huwa na karotini nyingi kuliko yaliyoachwa uchi chini ya jua mpaka yakawa rangi ya majani ya chai. Kwa hiyo rangi ni kipimo ambacho kila mpishi anacho. Vikaushio vya jua, yaani visanduku vyenye nailoni juu na trei za wavu ndani, hutumia kanuni hiyo hiyo pamoja na kuzuia vumbi, na fundi wa kawaida wa mbao anaweza kukitengeneza.

Karotini huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji. Mtu anayekula nsansa iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu hufaidi sehemu ndogo ya karotini iliyomo. Karanga, samli au mafuta ya alizeti si anasa katika mboga hii. Ndivyo vinavyoiwezesha kufanya kazi mwilini.

Kuhusu chuma, inafaa kusema wazi. Nsansa husifiwa kwamba "inaongeza damu", na wapo wajawazito wanaoambiwa waitumie badala ya vidonge. Chuma cha kwenye majani hufyonzwa na mwili kwa kiwango kidogo kuliko cha nyama na samaki, na chai inayonywewa pamoja na mlo hupunguza zaidi. Vitamini C husaidia, kwa hiyo chungwa, pera, embe au maji ya ubuyu baada ya ugali ni jambo jema. Hata hivyo mboga hii haichukui nafasi ya vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vinavyotolewa kliniki.

Usalama

Simiyu inaongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na pamba hupigwa viuatilifu mara kadhaa kwa msimu. Kunde au mchicha unaoota ndani au kando ya shamba la pamba hupata dawa hiyo hiyo. Kukausha hakuiondoi, kwa kuwa maji hutoka na dawa nyingi hubaki, huenda ikawa nyingi zaidi kwa kila gramu. Kuosha huondoa sehemu tu. Mtu asichume majani kwenye shamba lililopigwa dawa, na dawa iliyosajiliwa kwa pamba isipigwe kwenye mboga kwa kisingizio kwamba wadudu ni walewale. Kama dawa iliyotumika inaruhusiwa kwa mboga, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko zihesabiwe. Chupa na madumu ya dawa hayafai kuhifadhia nsansa hata yakioshwa kwa sabuni mara kumi. Jambo hili ni zito kuliko mengine yote katika makala hii, kwa sababu madhara yake hayaonekani sufuriani.

Hatari nyingine ni kuvu. Nsansa yenye ukungu, harufu ya uvundo au madoa meupe hutupwa yote, si kuchambuliwa. Karanga zinazopikwa nayo zichaguliwe vivyo hivyo: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ladha chungu huenda zina sumukuvu, sumu ambayo moto wa kawaida wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 watu kadhaa walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu katika mahindi, na kuvu zinazoitengeneza ndizo hizohizo zinazoshambulia karanga. Hasara kubwa ni pale karanga nzuri zinapouzwa na mbovu kubaki kwa ajili ya mboga ya nyumbani.

Mapishi

Nsansa kwa karanga ndiyo njia inayopendwa zaidi. Nsansa huoshwa haraka kwa maji ya uvuguvugu, kisha huchemshwa mpaka ilainike: kama dakika 20 kwa iliyochovywa kabla ya kuanikwa, na hadi 40 kwa iliyoanikwa mbichi. Karanga zilizokaangwa kidogo na kutwangwa hukorogwa kwenye maji baridi ili zisifanye madonge, halafu humiminwa sufuriani pamoja na kitunguu na nyanya. Kuanzia hapo moto hupunguzwa na mwiko hautoki mkononi kwa dakika 10 hadi 15, maana karanga hushika chini upesi. Kwa gramu 100 za nsansa, kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa kinatosha. Chumvi hutiwa mwisho, na kwa uangalifu ikiwa ilishatiwa wakati wa kuchovya. Mboga hii huliwa kwa ugali wa mahindi, mtama au muhogo.

Njia ya pili ni ya wafugaji: nsansa iliyochemshwa humalizwa kwa maziwa au samli badala ya karanga. Mgagani mkavu hufaa zaidi kwa njia hii. Njia ya tatu ni kuichanganya na dagaa wa Ziwa Victoria, ambao hufika kwa urahisi kupitia Busega, wilaya pekee ya mkoa inayopakana na ziwa hilo. Maharage au choroko zilizobaki mchana huweza kutiwa pia.

Baadhi ya wapishi hutia magadi ili majani magumu yalainike haraka na yawe ya kijani. Magadi hufanya hivyo kweli, lakini huharibu vitamini B1 na vitamini C kidogo iliyobaki, na kuongeza sodiamu. Nsansa iliyochumwa changa na kuchovywa vizuri haiyahitaji.

Kwa watoto wadogo walioanza kula, nyuzinyuzi za nsansa ni nyingi na tumbo lao ni dogo. Nsansa hutwangwa kwenye kinu ikiwa kavu, huchekechwa, na unga wake kijiko kimoja hupikwa ndani ya uji au mchuzi. Unga huo hukaa vizuri ndani ya kopo lenye mfuniko, ila hupoteza karotini haraka kuliko majani mazima, kwa hiyo hutwangwa kidogo kidogo.

Mabaki ya siku moja

Si kila jani linalozidi huanikwa. Mjini Bariadi, ambako wengi hununua mchicha kwa fungu na kula kachumbari kwa wali, mabaki ni ya kiasi kidogo na hushughulikiwa palepale jikoni.

Mchicha au majani ya saladi yaliyonyauka tu hurudi uhai yakiwekwa kwenye maji baridi kwa robo saa. Yaliyoanza kuteleza au kunuka hayarudi. Ni ya kuku, au ya shimo la mboji. Majani ya saladi yaliyolegea hayapendezi tena mabichi, lakini yakikatwa na kutiwa kwenye mchuzi wa maharage dakika mbili kabla ya kuepua, hayajulikani tofauti na mchicha. Vikonyo laini vya mchicha na vya maboga hukatwa vidogo na kutangulia sufuriani.

Kachumbari iliyobaki haifai kuliwa kesho yake. Chumvi imeshatoa maji ya nyanya na vitunguu, na bila jokofu joto la Simiyu huichachusha usiku mmoja. Ikitiwa kwenye kikaango jioni ileile, inakuwa kitunguu na nyanya za kuungia nsansa au dagaa. Kinachopaswa kukumbukwa ni kwamba chumvi na ndimu tayari vimo.

Mboga iliyopikwa na kulala huitwa kiporo kama vyakula vingine. Kiporo cha mboga yenye karanga au maziwa huharibika mapema kuliko cha mboga ya mafuta. Kinachokusudiwa kuliwa asubuhi hutengwa kabla watu hawajaanza kula, hufunikwa, huwekwa mahali penye ubaridi, na asubuhi huchemshwa mpaka kitokote chote, mara moja tu. Majani mengi ya kijani yana naitreti, ambayo vijidudu huigeuza kuwa naitraiti mboga ikikaa kwenye joto, na naitraiti ni hatari kwa watoto wachanga. Kwa hiyo kiporo cha mboga za majani hakipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kwa wakubwa, kiporo cha mboga kilichokaangwa pamoja na kiporo cha wali, kitunguu na yai moja ni kifungua kinywa kizuri kuliko chai na andazi.

Hadhi yake katika jamii

Nsansa huenda pamoja na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, na matobolwa, ambavyo ni viazi vilivyochemshwa kwanza kisha kukaushwa. Vyote vitatu ni vyakula vya akiba, na vyote vimewahi kuitwa vyakula vya njaa. Jina hilo limeviumiza. Zipo nyumba ambazo nsansa hufichwa mgeni akifika, na vijana wengi waliotoka shule huiona kama alama ya umaskini, ingawa wazazi wao waliwalipia ada kwa fedha ambazo hazikutumika kununulia mboga.

Michembe na matobolwa vimeanza kupata heshima sokoni kuliko nsansa. Sababu mojawapo ni usafi: mnunuzi hawezi kujua nsansa aliyopimiwa kwa kopo ilianikwa wapi wala shamba lake lilipigwa dawa gani. Wanaotaka kuiuza mjini watalazimika kujibu maswali hayo mawili kabla ya kufikiria mfuko wenye picha. Kwa upande wa utafiti, Kituo cha Dunia cha Mboga, ambacho kina kituo chake cha kanda jijini Arusha tangu mwaka 1992, kimeshughulikia mboga za asili za Afrika kama mgagani, mnavu na mchicha, ambazo kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa magugu.

Vyakula vya aina hiyo kwingineko

Mkoani Dodoma, Wagogo hukausha mlenda na kuusaga kuwa unga, ambao hupikwa kwa dakika chache tu na huuzwa hadi Dar es Salaam. Nchini Malawi mboga za majani zilizokaushwa huitwa mfutso, na Zimbabwe kwa Kishona huitwa mufushwa. Huko pia majani ya kunde na ya maboga ndiyo hutumika sana, na karanga ndizo huyaunga. Katika milima ya Nepal, ambako tatizo ni baridi badala ya jua, majani ya haradali na ya figili hunyaushwa, hushindiliwa chomboni mpaka yachachuke, na ndipo huanikwa. Mboga hiyo huitwa gundruk, na hupikwa kama mchuzi mwepesi wenye uchachu wa kuliwa na wali.